Pipa la Chokaa la Fundi wa Mabanga

Kabla hajakusalimu wewe, alisalimu ukuta wako. Akiingia nyumbani kwa mtu alivua kofia, akageuza mkono na kuweka mgongo wa kiganja ukutani, hapo karibu na mlango, kama mama anayepima homa ya mtoto. Akisharidhika ndipo anageuka na kuuliza habari za watoto. Mara ya kwanza aliponifanyia hivyo nilikasirika, maana nilikuwa nimeandaa chai na yeye hata hakuniangalia. Aliniambia ukuta wa upande wa jikoni una maji ndani. Nikamwambia nyumba ni mpya. Mvua za mwezi uliofuata zilionyesha nani alisema kweli, na tangu hapo sikubishana naye tena juu ya kuta. Juu ya mambo mengine tulibishana miaka kumi na miwili.

Mtaani kwetu Mabanga, mjini Goma, tulimwita Fundi, basi. Mafundi wa nyumba wamejaa huko, kila barabara ina wake, lakini ukisema Fundi bila kuongeza jina wala duka la jirani, watu walikuonyesha lango lake. Sijui alizaliwa mwaka gani na sikuwahi kuuliza habari za ukoo wake. Nilichojua ni kwamba alikuwa Mnande wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na kwamba mimi, mtu wa Bukavu, alinihurumia kama mgonjwa. Kwa maoni yake watu wa kwetu wanajua kalamu na ofisi, lakini ukiwapa mwiko wanaushika kama kijiko. Nikamjibu kwamba afadhali sisi, kwa sababu Mnande ana haraka mno, atahamia nyumbani kabla paa halijawekwa. Alicheka, kisha ghafla akaanza kukusanya vyombo vyake. Nilidhani nimemkosea heshima, na kesho yake nilimpelekea samaki kuomba radhi. Aliwapokea samaki, akarudi kwenye kazi yake.

Kazi iliyomlisha ilikuwa ya saruji, sima kama tunavyosema Goma. Alijenga kwa mawe meusi ya volkano, yale tunayoyaokota mlangoni maana mji wenyewe umekaa juu yake, na kuta zake hazikuwahi kupasuka. Alisema jiwe la volkano halichagui, ukilipa sima linapokea, ukilipa udongo linapokea. Lakini uani kwake, nyuma ya jiko, kulikuwa na pipa la bluu lililojaa chokaa. Mawe ya chokaa yaliyokwisha kuchomwa aliyapata kwa wafanyabiashara wa upande wa Rwanda, akayachemsha mwenyewe kwa maji shimoni mpaka yakawa uji mzito, akauhamishia kwenye pipa na kuufunika kwa ubao na jiwe. Kila asubuhi alifunua, akatazama, akamimina maji juu ili chokaa isikauke. Na chokaa hiyo hakumpakia mtu yeyote, wala hakumuuzia.

Wanaoijua Goma wanajua maana ya kumimina maji mahali yasipohitajika. Tuna ziwa zima hapo chini, na bado wanawake wanapanda na bidoni, yaani madumu ya maji, migongoni kwa sababu mabomba yanatoa maji yanapotaka yenyewe. Mkewe Fundi, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka barabara ya tatu, alikuwa akisema mbele ya wageni: “Kwetu chokaa inakunywa mbele ya batu,” yaani kabla ya watu. Fundi alijifanya hasikii. Tulipomuuliza chokaa ni ya kazi gani alijibu kwamba haijakomaa. Mwaka uliofuata, haijakomaa. Mimi nilianza kufikiri kwamba mzee amechanganyikiwa kidogo, na niliwaambia majirani hivyo, jambo ninaloliona aibu leo.

Kisha volkano ikatoa moto na mji ukaambiwa utoke. Tulitembea na magodoro vichwani kuelekea Sake, msururu usio na mwisho, na hapo Mugunga nikamkuta mkewe Fundi ameketi juu ya sufuria, peke yake. Nilishtuka, nikadhani mzee amepatwa na jambo. Aliniambia kwamba mumewe alitaka walibebe pipa. Alimwambia achague, mke ama pipa, naye alimchagua mke, alimsindikiza mpaka Mugunga, akahakikisha amekaa vizuri, kisha akageuka kurudi mjini kulinywesha pipa maji. Aliporudi jioni akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, mkewe hakumsemesha siku mbili. Mimi nilimsemesha, na si kwa maneno mazuri.

Sababu nilikuja kuijua kupitia kitabu. Mimi nafundisha historia shule ya sekondari. Siku hiyo nilikuwa nasahihisha madaftari uani, yeye akibandua lipu ya ule ukuta wangu wa jikoni ili ukauke, na kitabu cha wanafunzi kilikuwa wazi mezani kwenye picha ya msikiti wa zamani sana, wa miji ile ya Waislamu iliyojengwa pwani ya mashariki kabla Wareno hawajafika. Picha ilionyesha mihrabu, ile sehemu iliyoingia ndani ya ukuta kuonyesha upande wa kuswalia, ikiwa na nakshi za kuchongwa kuizunguka. Fundi alikuja kunywa maji, akaiona, akakifunga kitabu kwa mkono wenye vumbi. Nilitaka kumfokea. Nikaona macho yake, nikaacha.

Alikaa, akaniambia. Ujana wake aliutumia njiani na malori ya wafanyabiashara wa Butembo, kupitia Bunagana na Uganda mpaka pwani. Safari moja mali ya tajiri wake ilikwama bandarini Dar es Salaam miezi mingi, naye akatafuta kibarua kusini huko, kwenye magofu ya mji kama ule wa kitabuni. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kutazama, na msimamizi wa kazi alitaka msikiti upendeze. Lipu ya mihrabu ilikuwa inamong’onyoka. Mafundi wa pale walisema chokaa yao bado changa, ingoje wiki kadhaa. Yeye, fundi wa mawe ya volkano, aliwaona wavivu. Aliomba sima na siku tatu.

Palikuwa na mlinzi pale, mzee wa Kiislamu mwenye miguu mibovu, aliyeswali peke yake pembeni mwa gofu hilo kila siku. Alikuja akaweka mgongo wa kiganja ukutani, akamwambia kwa upole: “Fundi, haya ni matumbawe, yametoka baharini. Ukuta huu unapumua. Ukiuziba, chumvi itautafuna kutoka ndani.” Fundi alicheka. Kwao jiwe ni jiwe. Alipiga lipu ya sima kuzunguka mihrabu yote, ikawa laini inang’aa, wageni wakaja wakapiga picha wakaondoka, na msimamizi akamshika mkono.

Baada ya mvua alipita tena kuaga. Kando ya sima yake chumvi ilikuwa imechanua nyeupe, na lipu ya zamani, ile iliyodumu mamia ya miaka, ilikuwa inadondoka chini kama unga. Mlinzi hakumkaripia. Alimpa maji ya kunywa. Fundi alisema afadhali angempiga. Aliondoka siku hiyohiyo, akarudi Kongo, na hakupata tena habari ya mahali pale, kwa sababu hakuthubutu kumuuliza mtu.

“Hakuna mutu alinituma, Madamu,” aliniambia. “Ni mimi njo nilisema siku tatu. Sasa sijue. Ilishaanguka, ama haiyaanguka, sijue.”

Basi pipa lilikuwa la huko. Alikuwa anaikomaza chokaa aipeleke, abandue sima yake kwa mkono wake mwenyewe na kuurudishia ukuta kilicho chake. Alipokuwa na nguvu hakuwa na nauli. Alipopata nauli njia zilifungwa. Njia zilipofunguka magoti yalikuwa yamezeeka, na chokaa ikaendelea kunywa maji. Nilijisikia vibaya kwa maneno yote niliyokuwa nimesema mtaani.

Msidhani alikuwa mtu wa huzuni. Alikuwa mtu wa kuudhi. Alikosoa ngazi za watu msibani. Aliwachukia wapiga picha, na alipojenga lango zuri alimwita mpiga picha. Alisema baturisti, yaani watalii, ndio walioua ukuta wake, maana bila wao asingeharakishwa, na wazungu wawili waliopotea Mabanga wakitafuta njia ya kwenda volkano aliwalazimisha kula fumbwa, mboga yetu ya majani ya msituni, nyumbani kwake, akawaeleza kwa Kifaransa chake kibovu kila nyumba ya barabara ile ilijengwa na nani. Nilipomtania kwamba amewapokea maadui alisema mgeni hana kosa, kosa ni la aliyefungua mlango bila kufikiri.

Jambo hilo alilifikiri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilimwalika siku moja darasani. Wanafunzi walikuwa wanabishana: nusu walitaka magofu ya zamani yafungwe yasiguswe na mtu, nusu walitaka yafunguliwe kwa wote kwa kuwa wageni wanaleta kazi. Fundi aliwasikiliza wote akiwa amesimama dirishani, mkono ukutani kama kawaida yake.

“Mukifunga mulango, mulinzi anakosa kazi, anaenda kwake,” alisema. “Kisha batu banakuya kubomoa mawe, banayachoma, banafanya chokaa ya nyumba zao. Mukifungua mulango yote, migongo na mikono ya batu inamaliza ukuta. Nendeni kwa ngagi muone. Banaingia batu kidogo, banavaa maski, saa moja banatoka, na bale balinzi banakula. Ukuta nao ni vile. Unashika ugonjwa ya batu.”

Watoto wa Goma wanajua habari za ngagi, sokwe wakubwa wa milima yetu, na jinsi wageni wanavyopelekwa kuwaona kwa zamu. Mimi mwalimu, niliyekuwa nimeandaa kurasa nne za maelezo, nilizikunja nikaziweka mfukoni.

Na hakuishia kwenye maneno. Parokiani kwetu kuna pango dogo la mawe meusi lenye sanamu ya Bikira Maria, na watu wakija kusali walikuwa wakisugua mguu wake mpaka rangi ikaisha, ukabaki mweupe kama mfupa. Padri alitaka kuweka seng’enge. Akina mama walinuna, baadhi wakasema wataenda kusali parokia nyingine. Fundi alimwomba padri asubiri wiki moja. Alijenga mbele ya sanamu kiti kifupi cha kupigia magoti, na pembeni yake, hapo mkono unapoangukia mtu akiinama, akapachika jiwe moja la mviringo alilolisugua siku nzima kwa mchanga. Hakuandika tangazo wala kukataza mtu. Watu wakawa wanapiga magoti, wanagusa jiwe, wanafanya ishara ya msalaba, na mguu wa Bikira uliopakwa rangi upya haukubanduka tena. Jiwe ndilo linalong’aa leo. Padri alitaka kumtaja kwenye misa, naye akatishia kuhama dini. Aliniambia tu kwamba mkono wa mtu unatafuta kitu cha kugusa, basi umpe.

Mwaka jana mdogo wangu, anayeshughulikia mizigo ya Wakongo bandarini Dar es Salaam, alibatiza mtoto na kunitumia tiketi ya basi. Nilipita Kigali, nikafika na miguu imevimba. Baada ya sherehe nilimwomba anipeleke kusini, kwenye yale magofu ya Fundi. Sikumwambia Fundi kwamba nitapita huko. Nilijua fika nikikuta rundo la mawe sitaweza kumwambia, na njiani, nasema kweli mbele ya Mungu, nilikuwa nimeshaandaa uongo. Ningesema kwamba mvua ilikata barabara.

Tulikuta kichaka kilichofyekwa vizuri, njia ya mbao iliyoinuliwa kidogo juu ya ardhi, na watu kama kumi wamekaa kwenye benchi la mawe nje ya msikiti uliobaki bila paa, wanavua viatu. Mwanamke wa makamo mwenye mtandio wa kijani alikuwa anawaingiza wanne wanne. Aliwaomba mabegi wayaache nje na kuta wazitazame kwa macho tu. Nilisubiri zamu yangu, nikaingia miguu mitupu.

Mihrabu ilikuwa imesimama. Nakshi zake zilikuwepo, zimepakwa chokaa mpya isiyong’aa, na chini upande wa kushoto tu palikuwa na pembe moja tupu, jiwe limebaki wazi. Mwanamke alitueleza kwamba zamani paliwekwa saruji, na kwamba mafundi waliibandua kwa tindo ndogo, kidogo kidogo, miezi na miezi, lakini pembe ile ilitoka pamoja na saruji. Waliiacha vile ili watu waone. Nikauliza saruji iliwekwa na nani.

Alisema ni fundi mmoja Mkongo. Baba yake, aliyekuwa mlinzi hapo, alimsimulia. Nikamwambia namjua, yu hai, anakaa barabara moja na mimi. Yule mwanamke aliwaomba wageni watusubiri, akanishika mkono akanitoa nje, akanikalisha kwenye lile benchi. Nilidhani atanigombeza kwa kosa la Fundi.

“Hili kalijenga yeye,” alisema. “Saruji ilimbakia, akaokota mawe yaliyokwisha kuanguka, akamjengea baba kwa ajili ya miguu yake. Baba alilikalia mpaka siku alipolazwa.” Akanieleza kwamba wageni walipokuwa wengi, wataalamu walikuja kuondoa kila kilichojengwa kwa saruji. Benchi waliliacha, kwa kuwa halikugusa ukuta wa kale, na kwa kuwa waliona kila mgeni akifika analikalia mwenyewe bila kuambiwa. Hapo ndipo wakapanga watu wangoje zamu na kuacha viatu. Nililia mbele ya wageni wote, mdogo wangu akaona haya.

Nilirudi Goma nikiwa na haraka kumshinda Mnande yeyote. Nilimkuta Fundi uani amezungukwa na mizigo. Binti yake alikuwa amewaita wakaishi naye Butembo, na kwa kuwa barabara ya moja kwa moja haipitiki, walikuwa waende kwa kuzunguka, Bunagana kisha Uganda, ile njia yake ya ujana. Pipa lilikuwa mahali pake. Mkewe alinikonyeza akasema kwamba wamebishana juu yake asubuhi nzima.

Sikujua pa kuanzia, nikaanza katikati. Nikamwambia nimetoka kule, na kwamba haikuanguka. Alikuwa ameshika kamba ya kufungia godoro. Aliiweka chini, akaenda akaweka mgongo wa kiganja kwenye ukuta wa nyumba yake, akatupa kisogo. Nilimweleza yote, na pembe iliyopotea pia, kwa sababu sikuhitaji tena kudanganya.

“Pembe moja,” alisema.

“Moja, Muzee.”

Nikamweleza habari ya benchi. Alinigeukia uso umekunjamana, haelewi. Alikuwa amelisahau kabisa. Ilibidi nimkumbushe mawe yaliyoanguka, saruji iliyobaki, miguu ya yule mlinzi, na nikaona linamrudia polepole.

“Na baturisti banakaa?” aliuliza.

“Banakaa. Banangoya zamu, banavua viatu.”

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alicheka pia, kile kicheko chake cha kukohoa, na mkewe akacheka kwa kumwona, na mimi nikahisi kifua changu kinafunguka kama nilikuwa nimebeba bidoni yao miaka yote hiyo. Kisha akaenda nyuma ya jiko. Tulisikia jiwe linatua chini, halafu ubao.

“Leta ndoo, Madamu,” alisema kutoka huko. “Ile ukuta yako ya jikoni ilishakauka. Na hii nayo ilishakomaa.”

Tulihamisha chokaa ndoo kwa ndoo kuvuka barabara, watu wakitutazama. Ilikuwa laini kama siagi. Brashi ya kwanza aliichukua mkewe, akisema maji yake ndiyo yaliyomo humo na hawezi kwenda Butembo bila kuyaona yakifanya kazi. Alipaka vibaya, michirizi huku na huku, na mimi nilipaka vibaya zaidi. Fundi alivua viatu, akakaa chini mbele ya ukuta, akatutazama mpaka tukamaliza, na kwa mara ya kwanza hakutuambia tunakosea wapi.